Vaa kwanza ndo uvue: jinsi ya kubadili nguo za jasho baada ya baiskeli bila kujianika

Jamani nianze na hili, kaptula ya baiskeli haivaliwi na chupi ndani. Najua kuna mtu kasoma hapo kashtuka, na kuna mwingine ana mwaka wa tatu anavalia chupi na kila Jumapili analalamika mapaja yamechubuka, sasa jibu lako ndo hilo. Ile pedi iliyoshonwa ndani imetengenezwa ikae kwenye ngozi moja kwa moja, ukiweka chupi katikati mishono ya chupi inageuka msasa. Zamani huko Ulaya pedi ilikuwa ngozi halisi ya mnyama wa milimani anayefanana na mbuzi, siku hizi ni sponji na kitambaa laini, ila utaratibu ni uleule. Na hapo ndo shida yetu inapozaliwa: umefika unakoenda, umeloa chapachapa, kati yako na uchi kuna nguo moja tu na hiyo nguo imekuganda mwilini, na mbele yako kuna ofisi nzima au ufukwe mzima au familia nzima ya watu.

Mi natoka Kibada, Kigamboni, hapa Dar, nakanyaga mpaka Feri, navuka na pantoni alafu naingia Posta kazini, na Jumapili nikipata nafasi natoka na wenzangu barabara ya Bagamoyo. Kazini kwetu hamna bafu. Kuna choo cha wanawake kimoja kwa floo nzima na foleni yake ya asubuhi usiombe. Kwahiyo nimebadili nguo chooni, nyuma ya gari, ufukweni, sheli, nyuma ya banda la mama ntilie kwa hisani yake, na siku moja katikati ya minazi huku mbuzi wamesimama wananitazama kama wanasubiri nimalize wapite. Katika yote hayo nimeaibika mara mbili tu, zote ntazisema, na zote zilinikuta kwa sababu nilivunja, au niliishika nusunusu, sheria moja ambayo ukiishika haya mengine yote ni mbwembwe: vaa kwanza ndo uvue. Yani nguo ya kukufunika inapanda mwilini kabla ya ile ya jasho haijashuka. Mtu akitokea ghafla, dakika yoyote ile, akute mwanamke kajifunga kanga anahangaika na begi lake, basi, hana cha kusimulia.

Poa kwanza

Kosa la wengi ni haraka. Mtu anafika, anafunga baiskeli mnyororo, mbio chooni, anabadili, anatoka kapendeza, dakika tano baadae shati safi lina ramani ya Afrika mgongoni. Mwili ni kama jiko la mkaa, ukiepua sufuria haimaanishi mkaa umezima. Jasho litaendelea kutoka dakika kumi, hata ishirini, na tena ukishasimama ndo unaona limezidi maana ule upepo wa kukanyaga haupo. Na hapa Dar hewa yenyewe imejaa unyevu, jasho halikauki linatiririka tu, Januari mpaka Machi ndo usiseme.

Kwahiyo kilomita ya mwisho au mbili za mwisho weka gia nyepesi, kanyaga kama unaenda dukani. Mi pantoni ndo inanisaidia, nasimama upande wa upepo, navua helmeti na glavu, nashusha zipu ya jezi kidogo, nakunywa maji, mengine namwagia nyuma ya shingo na kwenye vifundo vya mikono. Watu wananiangalia, wengine wameshanizoea wananiuliza leo umechelewa. Usiyevuka na pantoni toka nyumbani mapema ufike na dakika ishirini za ziada, tafuta kivuli, simama au tembeatembea. Chai ya moto na supu ya pweza subiri kwanza, ukinywa hapo jiko unaliongezea mkaa.

Ila nyie wa Arusha, Iringa, Njombe, na wa Nairobi ile Julai yao, hii ya kusubiri haiwahusu sana. Kwenye ubaridi jezi mbichi inakugeuka ndani ya dakika chache unaanza kutetemeka, we toa ya juu haraka, vaa kitu kikavu na sweta, uendelee na mengine.

Alafu kuna wale wa "ntakauka nayo hivihivi". Ndugu yangu. Jasho lenyewe likitoka halina harufu ya kutisha, ni bakteria walioko kwenye ngozi, hasa kwapani na kinenani, ndo wanalifanyia kazi mpaka likawa kikwapa, kwahiyo kadri unavyokaa nalo ndo unavyowapa muda. Lakini harufu ni afadhali. Pedi mbichi, joto na giza kwa masaa mawili matatu ni shamba la fangasi, na vinyweleo vya makalioni vikivimba vinageuka vijipu ambavyo vitakufanya wiki nzima siti uione kwenye picha tu. Wanawake tunajua ya kwetu pia, fangasi hawahitaji kadi ya mwaliko. Ndo maana nasema kama una muda au nafasi ya kubadili nguo moja tu, badili ya chini. Jezi mbichi itakuletea aibu, kaptula mbichi itakupeleka famasi.

Begi linapangwa usiku

Ukipanga asubuhi utasahau chupi, na hakuna siku ndefu kama siku uliyosahau chupi. Nguo utakayovaa mwisho inakaa chini kabisa ya begi, ya kuanza inakaa juu, ili usije ukawa umesimama na kanga unachimbua begi kama kuku. Halafu huu ujanja nimefundishwa na dada mmoja tunaendesha naye: chupi ipachike ndani ya suruali au sketi kabisa ukiwa nyumbani, tundu la mguu wa chupi ndani ya mguu wa suruali, ukunje vyote pamoja. Ukifika unaingiza mguu mara moja, unavuta mara moja, vyote viwili vinapanda. Ule muda wa kuruka na mguu mmoja unatafuta tundu la pili la chupi huku kanga inafunguka, umeisha.

Vingine vinavyokaa begini kwangu ni taulo dogo la uso, chupa ya maji ya nusu lita isiyo ya kunywa, kandambili, kibanio cha nguo, poda kidogo kwenye kikopo, na kanga doti moja. Doti ni vipande viwili, kimoja cha kujifunga na kingine cha kujifutia na kukalia. Kanga iwe ya zamani. Kanga mpya ina ile dawa ya dukani, inateleza, haikai mwilini wala hainywi maji, ifue kwanza mara nyingi mpaka ilainike. Na maneno yake yasome, maana utawapa watu mgongo na wao watasoma, mi kuna moja ya kumsema jirani nilikuwa nabeba bila kufikiria mpaka bosi wangu akaniuliza huyo jirani kafanya nini.

Wenzetu wazungu wana lile joho la taulo lenye kofia la kubadilia nguo ufukweni, bei yake unanunua doti za kanga za ukoo mzima. Sisi hiki kitu tunacho toka enzi za bibi zetu.

Kujifunga kwenyewe

Wengi tunajua kujifunga kanga ya kutoka bafuni, lakini ya bafuni ina safari fupi tu mpaka chumbani, hii inabidi ihimili wewe kuinama, kuinua mguu na kupigana na kaptula. Ipitishe nyuma chini ya makwapa, juu ya jezi, usivue chochote bado. Pindo mbili zikutane mbele ila zisikutane ukingo kwa ukingo, kipande cha kushoto kipite kifua chote mpaka karibu na kwapa la kulia, cha kulia kije juu yake mpaka kushoto. Kona ya juu ichomeke ndani, alafu ukingo wote wa juu ukunje kwa nje mara mbili, uvingirishe kabisa ubane kifua. Hapo juu piga kibanio cha nguo, au pini kubwa ile ya nepi. Mpasuo uelekee ukutani, au kwenye mti, au kwenye baiskeli, usielekee watu na usielekee upepo.

Kibanio ndo nilichokosa siku ya aibu ya kwanza. Ilikuwa Coco Beach, mwezi wa saba, kusi inavuma, mi nimetoka Bunju na wenzangu tumeamua kumalizia na mihogo. Nikajifunga kibafuni, nikasema nani ataniangalia mi na uzee huu, nikavua jezi, nikainama kushusha kaptula na upepo ukaingia chini ukatoka na kanga. Ikasimama kama tanga la ngalawa. Namshukuru Mungu kaptula ilikuwa bado imefika mapajani na sidiria ipo, ila muuza mihogo alisahau mihogo kwenye mafuta. Aliniuzia iliyoungua na sikubisha.

Turudi. Ukishajifunga, vua viatu na soksi kwanza kabisa, panda kwenye kandambili au kile kipande cha pili cha kanga. Watu wanasahau viatu wanakwama na kaptula kwenye vifundo vya miguu. Alafu jezi: fungua zipu yote kwa ndani, toa mkono mmoja mmoja kama unatoa koti, ivute itokee chini. Jezi ya zipu ya nusu ambayo lazima ipite kichwani itanyanyua kanga, kwahiyo kama ndo hiyo unayo ivue kwa kuishusha chini kupitia nyonga kama inakubali.

Kaptula sasa, usiivute kwa nguvu kutokea kiunoni ikashuka yote. Laikra, yani kile kitambaa cha kuvutika cha kaptula, ikiwa mbichi ukiivuta hivyo inajisokota mapajani inakuwa kamba, na ukishafika hapo unahangaika dakika tano unatoka jasho upya. Ingiza vidole gumba viwili ndani ya kiuno cha kaptula, kiuno kigeuze nje, alafu menya ndizi, yani inashuka huku inajigeuza ndani nje, pedi inatokea nje, ukifika kwenye ule mpira wa mapajani ingiza vidole uachanishe na ngozi kwanza. Egemea ukuta. Usiegemee baiskeli, baiskeli itakusogea tu wakati mguu mmoja uko juu.

Hapo ndo unajifuta, unakauka kweli, poda kidogo mapajani kama unatumia, alafu suruali yenye chupi ndani inapanda mara moja. Paja bichi na jinzi ni ugomvi mwingine usiutake. Kanga inatoka mwisho, blauzi inapita kichwani kanga bado ipo kifuani, alafu unachomoa kanga kwa chini. Ukizoea ni dakika tatu. Mara ya kwanza fanyia chumbani kwako mlango umefunga, usicheke, mi nilifanya mazoezi mara nne.

Dera, kanzu na msuli

Kwa mwanamke dera ni kiboko kuliko hata kanga. Dera ni chumba cha kubadilishia chenye mikono. Unalivaa juu ya kila kitu, unaingiza mikono ndani, unafanya kazi zako humo hakuna mtu anajua, na mtu akipita unamsalimia kabisa. Shida ni kwamba linajaza begi, na ukiinama chini lina tabia ya kuburuza kwenye maji ya choo, lifunge fundo magotini. Anayevaa buibui ana stara hiyohiyo tayari, ila chukua ushungi wa pili na kile kikofia cha ndani cha akiba, maana kichwa kinatoka jasho jingi na ushungi mkavu juu ya kikofia kibichi unanuka saa nne asubuhi.

Sidiria ya michezo ikishaloa ina roho mbaya, nasema kwa uchungu. Ukiivulia kichwani inakwama kwapani, mikono iko juu, huoni, hupumui, unaanza kusali. Toa mikono kwenye mikanda kwanza, alafu ishushe chini ipitie kiunoni na miguuni. Ndiyo, miguuni. Au nunua ya zipu ya mbele, mitumbani zipo, ila zipu yake iangalie kama ina kitambaa nyuma yake isije ikakuchoma.

Wanaume nimewauliza wenzangu. Wengi wanatumia kikoi au msuli, na wenye akili wameushona ule msuli pembeni ukawa kama gunia lisilo na kitako, hakuna mpasuo, unaingia ndani unavuta juu unakunja kiunoni kama kawaida yao. Shida ya wanaume ni zile kaptula za mikanda ya mabegani. Mikanda inapita chini ya jezi kwahiyo ukisubiri uvae msuli ndo ukumbuke mikanda itabidi uvue jezi kabisa, wakati ungeweza kufungua zipu ya jezi nusu, ukapitisha mkanda juu ya bega, ukakunja kiwiko ukautoa, na wa pili hivyohivyo, jezi iko palepale mwilini. Mikanda ikishaning'inia chini ndo unafunga msuli. Kuna kaka mmoja yeye Ijumaa anatembea na kanzu, anaivaa juu ya kila kitu, anachezacheza humo ndani kama anatafuta simu, kaptula inaanguka miguuni anaiokota. Ila siku hiyo anaoga kabisa kabla ya kwenda msikitini, hafuti, anaoga.

Wanawake wenzangu hizo kaptula za mikanda ni nzuri barabarani lakini kama unakoenda hakuna faragha vaa ya kawaida ya kiunoni. Kukojoa tu ni mradi.

Vyoo

Choo kinaonekana ndo jibu rahisi kumbe ndo mtihani. Sakafu ina maji ambayo hujui ni ya nini, msumari wa kutundika haupo, na cha kuchuchumaa kinakuachia nafasi ya tofali mbili za kusimama. Ujanja wangu mkubwa hapa ni helmeti. Helmeti funga mkanda wake, itundike kwenye kitasa au kwenye bomba au hata kwenye kiwiko chako, inakuwa kikapu: simu, funguo, pete, taulo, chupi, vyote humo. Begi livae mbele kifuani kama kangaruu. Suruali izungushe shingoni kama skafu wakati unahangaika na mengine, ikining'inia kwenye mkono miguu yake itagusa chini.

Aibu ya pili ilikuwa kwenye choo cha sheli moja, siitaji jina. Nikajiambia niko ndani ya choo, mlango upo, kanga ya nini, nikavua vyote. Kitasa kilikuwa kimekufa siku nyingi, kinazunguka tu hakishiki. Akaja mama na mtoto wake wa kama miaka minne, akasukuma. Mama akasema ooh samahani akafunga, ila mtoto akatangaza kwa sauti mpaka kwenye pampu, "mama, dada hana nguo!" Kwahiyo hata chooni, kanga. Na kitasa kijaribu kabla hujagusa zipu, kikiwa kibovu weka begi zito nyuma ya mlango au mpe mwenzako asimame nje.

Kuomba nafasi mahali pa watu ni lugha tu. Usiingie na laikra yako kimyakimya kama mwizi. Kwa mlinzi mtu mzima mi naanza, "Shikamoo mzee, samahani, nimetoka mbali na baiskeli, naomba nijisitiri hapo ndani dakika tano." Sijawahi kunyimwa. Nishawahi kujibiwa "marahaba binti, ingia, ila maji hamna", na ndo maana nusu lita yangu haikosekani. Neno ni kujisitiri, ukisema kubadili nguo mtu anaanza kuuliza nguo gani na kwanini hapa. Choo cha kulipia lipa jero yako na uage. Msikitini vyoo vipo na waislamu ni wakarimu lakini omba, vua viatu panapovuliwa, usifike muda wa swala ukawajazia watu, na pale pa kutawadhia sio pa kuogea makwapa. Ofisini kile choo kikubwa cha walemavu kina nafasi nzuri, kama kuna mwenzenu anakitumia mwache kwanza, usije ukakifunga robo saa mwenye haki yake anasubiri nje.

Gari nalipitia haraka: kaa siti ya nyuma sio ya mbele, weka kanga moja dirishani uibane na kioo, na usidanganyike na tinti, jua likiwa upande wa pili unaonekana kivuli chote. Milango miwili ya upande mmoja ukiifungua pamoja unapata kajichumba katikati, kanafaa kwa juu tu, chini miguu inaonekana.

Nusu lita inatosha

Loweka taulo, kamua nusu, anza juu kushuka chini: uso, shingo, nyuma ya masikio, kwapa, kifua, mgongo unaupiga kwa kushika taulo pande mbili kama unasugua mgongo bafuni. Suuza taulo kidogo. Kisha kinena, kutoka mbele kwenda nyuma, miguu mwisho. Ukianza na miguu umejipaka vumbi la Kibada usoni. Sabuni ukiweka iwe tone, maana huna maji ya kuisuuza na ikibaki inawasha. Waipsi ni nzuri ila za watoto zisizo na marashi makali. Sanitaiza isikaribie mapaja, nimesema isikaribie, mi nilitoka Bagamoyo, kilomita 60 na ushee, ngozi imechubuka bila kujua, nikasema niue bakteria, nikapaka. Nilitembea kwenye ile paking nikiwa nimeachia miguu kama nimeshuka kwenye ngamia.

Diodoranti inapakwa kwenye kwapa lililofutwa na kukauka. Marashi juu ya jasho hayafuti jasho, yanaleta harufu ya tatu ambayo haina jina na lifti nzima itaijadili ukishashuka.

Nguo mbichi zinaenda wapi

Zamani ilikuwa rahisi, rambo moja, unafunga fundo. Mifuko ile hapa Tanzania ilipigwa marufuku toka Juni 2019, na kwa hili letu nadhani walitusaidia, maana nguo ya jasho ukiifungia kwenye plastiki asubuhi, jioni ukifungua uvundo unakupiga kibao. Mi natandaza taulo, naweka jezi na kaptula juu, naviringisha kama mkeka alafu nakanyaga kwa kisigino mara kadhaa, taulo linanyonya maji mengi. Kisha zinakaa kwenye mfuko wa neti, ule wa kununulia vitunguu ukiwa imara unafaa kabisa, unautundika kwenye baiskeli huko paking mahali penye hewa. Usitundike kwenye kiti chako ofisini. Kuna kaka alitundika, mwenzake wa meza ya jirani akahama bila kuaga.

Na stara haisubiri kubadili nguo. Ukiingia dukani kununua maji kijijini, au unapita Mji Mkongwe kule Zanzibar, au, Mungu akunusuru, umefika nyumbani jasho linakudondoka ukute mama mkwe kaja na wageni wako sebuleni, ile laikra inachora kila kitu. Kikoi chepesi au bukta pana ikae kwenye mfuko wa nyuma wa jezi, ukishuka tu kwenye baiskeli inapanda juu. Mi mume wangu alikuwa anacheka mpaka siku baba yake alipomkuta getini kasimama na kaptula yake ya mikanda, mzee akaitikia shikamoo huku anaangalia mwembe.

Jioni ukifika usiache begi limefungwa mpaka kesho, toa vyote, suuza kaptula na maji ya baridi usiku huohuo hata kama huna nguvu ya kufua, usiiweke ile dawa ya kulainisha nguo inaziba kitambaa kinashindwa kunyonya jasho. Jezi za poliesta zikishaanza kung'ang'ania harufu loweka kwenye maji yenye siki kidogo nusu saa kabla ya kufua. Kaptula anika imegeuzwa ndani nje pedi ipate hewa, itachukua muda kukauka kuliko nguo nyingine zote kwenye kamba. Jirani yangu alivumilia mwezi mzima anaziona ndo akaniuliza, kwa upole kabisa, "mama nanihii, ile pampasi ni ya nani?"